Saini Mbili za Sallapata

Sallapata, 8 Mei 1966

Mdogo wangu Saturnino,

Pokea salamu za nyumba nzima, za mama zikiwa mbele, maana yeye hataki salamu zake zichanganywe na za mtu mwingine. Anasema nikuandikie hivi: ameshiba, amevaa, na lile jino la nyuma limeng'oka lenyewe bila kumsumbua mtu. Mke wangu Basilia hajambo. Simbilisi wake wamezaa tena na jikoni sasa hakuna pa kukanyaga. Mahindi tumevuna, si mengi, lakini hayana wadudu. Barua yako ya Krismasi ilitufikia Machi. Mama anaihifadhi kifuani na kila mgeni lazima aoneshwe.

Sasa nisikilize, Satuko. Mvua zimeisha na zimetuachia kitu. Nyuma ya nyumba ya mama, pale kwenye ukuta wa mawe tulipokuwa tukijificha utotoni, ardhi imepasuka. Ufa umeanzia pale, ukapita juu ya kanisa, ukaishia kwenye shamba la kina Huarcaya. Nimeingiza mkono mpaka begani na sikugusa kitu. Ukitega sikio unasikia maji yakitembea huko chini. Mlima unataka kushuka, na sisi tumelala miguuni pake.

Niliitisha mkutano. Kaya zote arobaini na tatu zimekubali tuhamie Qollpa, ng'ambo ya mto, kwenye ile ardhi ya serikali isiyolimwa na mtu. Lakini unajua mambo yalivyo. Ukijenga kwenye ardhi ya serikali bila karatasi, polisi wanakuja kuchoma. Ombi lazima liandikwe na meya, lipande kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa mkuu wa mkoa, kisha kwenu Lima. Basi nikachukua fimbo yangu ya uongozi nikaenda Tambohuaylla kwa meya wetu, don Hermógenes Tello. Hata kiti hakunipa.

"Fortunato," akasema, "nyinyi si mlishahama? Nyinyi ni watu wa Ancamarca siku hizi. Nendeni kwa baba yenu mpya."

Nikaenda Ancamarca, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Unajua tangu mwaka jana wao ni wilaya kamili, wana meya wao, don Abdón Ludeña, na kengele mlangoni pa ofisi. Akafungua ile sheria iliyounda wilaya yao, akapitisha kidole kwenye majina ya vijiji. Viko kumi na kimoja. Sallapata haimo.

"Umeona mwenyewe, baba," akaniambia. "Hammo."

Kwa hiyo hatuko huku wala kule. Wewe ndiye pekee kutoka hapa uliyefika Wizarani. Watu wanauliza kila siku, "Bwana Saturnino amesema nini?" Nenda kwa wakubwa wenzako uwaambie. Mvua zinaanza tena Oktoba.

Kaka yako,
Fortunato


Lima, 12 Juni 1966

Kaka Fortunato,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi pia mzima, ila ukungu wa huku unanipa kikohozi kila mwaka ifikapo Juni. Mwambie mama bado navaa ile sweta ya sufu ya llama, na wenzangu wananionea wivu.

Suala la kijiji nimelipokea na nimelizungumza na wanaohusika. Nitakueleza utaratibu ulivyo ili uwaeleze watu. Serikali kuu ina ngazi yake: Wizara, mkuu wa mkoa, mkuu wa jimbo, na chini kabisa wewe mwenye fimbo. Mameya wana ngazi yao nyingine, ya wilaya. Ardhi, makaburi, vizazi na vifo ni mambo ya meya. Wizara haiwezi kuiruka wilaya na kuja kushughulika na kijiji moja kwa moja. Ndiyo maana kwanza lazima ijulikane Sallapata ni ya wilaya gani.

Faili la mipaka lipo hapa. Limenenepa. Inaonekana kuna kitu kidogo ndani yake ambacho hakijakaa sawa. Nakuuliza, kaka, na unijibu bila kuzunguka: wakati ule Ancamarca wanadai wilaya yao, kijiji kilitia saini karatasi yoyote?

Nisalimie Basilia.

Saturnino


Sallapata, 31 Julai 1966

Mdogo wangu,

Sikukuu ya Santiago tumeimaliza salama. Tumewavisha ng'ombe riboni masikioni, tumekunywa chicha ya mahindi, na binamu yetu Melchor ameanguka na ngoma yake mpaka kwenye mtaro. Mama amecheza. Ndiyo, amecheza, na fimbo mkononi. Anauliza kama ofisi yako ina dirisha, na kama unapokaa unawaona watu wakipita.

Nimechomeka vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, nikafunga kamba katikati. Kamba ilikuwa imelegea siku ya kwanza. Sasa imenyooka na inalia ukiigusa, na mvua hakuna hata tone.

Mkuu wa jimbo amekuja. Mwenyewe, juu ya nyumbu, na karani wake nyuma. Alishuka, akaingiza fimbo yake kwenye ufa, ikazama yote, akabaki ameshika kishikio tu.

"Hili ni jambo zito," akasema.

"Zito sana, bwana mkubwa."

"Nitaliandikia ripoti. Hapa ni wilaya gani?"

Mama, ambaye kunyamaza hakumo katika mwili wake, akajibu: "Wilaya si wewe, baba? Si ndiwe uliyempa mwanangu fimbo?"

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka. Akaeleza kama wewe ulivyoeleza, kwamba fimbo yangu ni ya serikali kuu na ni kwa ajili ya amani na ulinzi, lakini kuhamisha watu ni kazi ya meya. "Kila mtu na ngazi yake, mama. Siwezi kupanda ngazi ya mwenzangu."

"Na mlima utashukia ngazi ya nani?" mama akamuuliza.

Akapanda nyumbu wake akaondoka. Karani hakuandika kitu, nilimwangalia.

Kuhusu swali lako, watu hutia saini mambo mengi. Mimi nina fimbo hii mwaka wa nne sasa, siwezi kukumbuka kila karatasi. Wewe sukuma tu huko juu.

Fortunato


Lima, 28 Agosti 1966

Fortunato,

Safari hii sikusalimu. Mama na Basilia uwape salamu zao.

Unasema hukumbuki. Mimi nimeziona. Ukurasa wa 41 ni hati ya mkutano wa Sallapata, tarehe 3 Septemba 1964, mnaomba kujiunga na Ancamarca. Ukurasa wa 58 ni hati ya mkutano wa Sallapata, tarehe 11 Septemba 1964, mnaomba kubaki Tambohuaylla daima. Siku nane katikati. Chini ya zote mbili ipo saini yako, ile yenye mkia mrefu uliyofundishwa jeshini, na alama za vidole vya wazee walewale. Tambohuaylla wakaambiwa hati ya kwanza imeshapita na mmeondoka, wakawafuta. Kamati ya sheria ilipofika kwenye jina letu ikakuta hati mbili zinazopingana, ikaliweka pembeni "mpaka suala litakapofafanuliwa". Hakuna aliyelifafanua. Ndiyo hali yenu mpaka leo.

Ulijua, kaka. Barua mbili umeniandikia, ukanituma kwa wakubwa, na ulijua.

Utauliza nimezionaje. Nitakuambia, kwa kuwa leo nimeshakasirika na sina cha kulinda. Sina wakubwa wenzangu. Sina dirisha. Niko chini, kwenye chumba cha mafaili, nina sindano ndefu, nta na uzi wa katani. Karatasi zikiletwa mimi nazishona kwenye faili, nazipa namba, basi. Miaka tisa sasa. Ndiyo kazi ya mwanaume mliyemsindikiza kwa bendi. Faili letu nimelishona kwa mikono hii, na kurasa za 41 na 58 niliziunganisha mimi bila kusoma, kwa sababu hatulipwi kwa kusoma.

Saturnino


Sallapata, 2 Oktoba 1966

Satuko,

Mama ni mzima. Namsomea barua zako jioni, na ile ya mwisho nilimsomea salamu tu, kisha nikabuni kidogo habari ya kikohozi chako. Ule ukurasa wa sindano sikumsomea. Bado anawaonesha watu barua ya Krismasi.

Nilijua. Unataka niseme, nimesema.

Ancamarca walikuja na bendi. Watu thelathini, baragumu, majani ya koka ya kutafuna gunia zima, don Abdón mbele amevaa tai. Walituomba kama watu wanavyoomba mchumba. Walicheza na wanawake wetu, wakala kwenye sahani zetu, mwisho wakatoa karatasi. Wewe umezaliwa hapa. Niambie lini umeona mgeni aliyekula Sallapata akaondoka mikono mitupu. Hawakuomba ng'ombe, hawakuomba binti. Waliomba jina langu kwenye karatasi, na wazee wote wakanitazama. Nikasaini.

Wiki moja baadaye akaja don Hermógenes na kondoo dume aliyechinjwa, amebebwa begani na mtumishi. Ni baba wa ubatizo wa nusu ya watoto wa kijiji hiki, unajua. Alilia mbele ya watu, Satuko. Mtu mzima, meya, analia kwamba tunamwacha. Ningemwambia nini? Tulikula kondoo wake. Nikasaini. Nilifikiri karatasi ni kama kubariki mlo, unabariki huku, unabariki kule, na hakuna anayedhurika. Kwetu kumnyima mgeni ndiyo dhambi. Sikujua kwamba huko Lima zote mbili zinawekwa kwenye jalada moja na kushonwa zikitazamana.

Sijawaambia watu. Wananiita baba. Nikipita wanainuka kunisalimia, na mimi naangalia ule ufa juu ya vichwa vyao.

Kamba imekatika Jumanne. Ufa sasa ni hatua moja ya mtu mzima, na jana imenyesha.

Kuhusu kazi yako sina la kukucheka. Ningekuwa na hali nyingine ningekutania mwaka mzima. Sasa nasema hivi: angalau wewe uko karibu na hizo karatasi.

Kuna jambo nitalifanya baada ya sikukuu ya wafu. Likikamilika nitakuandikia.

Kaka yako


Lima, 6 Novemba 1966

Kaka,

Salamu kwa wote. Naandika haraka.

Jana nilimkuta mwanasheria wa Wizara kwenye korido, nikavunja adabu nikamuuliza. Akaniambia: "Kijiji chenye matakwa mawili hakiamuliki. Kingekuwa na hati moja, ningesaini leo na simu ya maandishi ingeenda kwa mkuu wa jimbo kesho." Kisha akaniuliza mimi ni nani.

Faili linapanda kwake tarehe 12 Desemba, kabla ya kufunga mwaka. Mpaka siku hiyo liko mezani kwangu. Kukata uzi, kutoa ukurasa mmoja, kushona upya na kubadili namba ni kazi ya nusu saa. Nikikamatwa ni jela, na nimelifikiria hilo nikalimaliza.

Niambie tu nitoe upi, wa 41 au wa 58. Nyinyi mnataka kuwa wa nani? Nijibu kabla ya tarehe 10 Desemba. Usiponijibu nitachagua mwenyewe, kwa sababu kuacha zote mbili ni kuwaua.

Iteketeze barua hii.

S.


Sallapata, 19 Novemba 1966

Mdogo wangu mpendwa,

Tunakusalimu sana. Mvua imekaza na magari hayapiti Tambohuaylla tangu Jumatatu, kwa hiyo sijui barua hii itakufikia lini, wala kama umeniandikia. Nimempa mfanyabiashara wa sufu anayeshuka kwa miguu. Kaburi la baba tumelipamba kwa maua na mkate wa sura ya mtoto. Mama alikaa naye mchana kutwa akimsimulia kwamba mwanawe ni mkubwa Wizarani na karatasi iko njiani.

Nina habari njema, ya kwanza mwaka huu. Nilikuahidi kufanya jambo, nimelifanya. Niliyafunga mwenyewe, nikaona niyafungue mwenyewe. Nilikwenda Ancamarca, nikasimama mbele ya don Abdón na mashahidi wawili, nikatia saini kwamba Sallapata tunajiondoa kabisa katika ombi lile la kujiunga nao. Nimechagua Tambohuaylla. Vizazi vyetu vyote vimeandikwa huko, na wafu wetu pia. Don Abdón alikasirika akapiga muhuri mpaka wino ukaruka. Hati inapanda kwa mkuu wa jimbo, kisha mkoani, kisha kwenu. Itakapofika mikononi mwako ishone vizuri, Satuko, ishone kwa uzi mara mbili. Mtabaki na hati moja tu yenye nguvu, ile ya don Hermógenes, na mambo yatakwisha.

Yeye don Hermógenes ameshindwa uchaguzi Jumapili iliyopita. Si kitu. Mtu hubadilika, ofisi ipo palepale.

Leo mchana nimelala saa mbili nzima kama mtoto. Sikumbuki nilifanya hivyo lini mara ya mwisho.

Fortunato


Lima, 11 Januari 1967

Kaka Fortunato,

Barua yako ya tarehe 19 Novemba nimeipata juzi. Sijui kama wewe uliipata yangu ya tarehe 6.

Nilikuuliza humo nitoe ukurasa gani. Nilisubiri mpaka tarehe 10, nikasubiri tarehe 11 nzima. Nikafikiri: Hermógenes amewafukuza, Ancamarca ni wapya, wana njaa ya watu, hawa watatupokea. Nikatoa wa 58, ule wa Tambohuaylla. Nikauchoma kwenye jiko la mafuta la chumbani kwangu, na majivu nikayamwaga. Nikashona upya. Mshono wangu mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Faili likapanda, likakaa mezani kwa mwanasheria bila kusainiwa.

Jana asubuhi mwanasheria alilirudisha likiwa na karatasi mpya juu yake, imetoka mkoani, niishone. Nikachukua sindano. Niliona kwanza mkia wa saini yako.

Unaelewa kilichotokea. Wewe umeiondoa Ancamarca, mimi nimeiondoa Tambohuaylla. Ndani ya faili la serikali ya Peru sasa Sallapata iliomba kwenda Ancamarca, kisha ikakataa, na Tambohuaylla haijapata kutajwa. Mwanasheria ameandika pembeni: "Hakiko chini ya wilaya yoyote. Irudishwe kwa mamlaka husika." Nilimuuliza mamlaka husika ni ipi. Akasema hilo ndilo faili halisemi.

Nimeishona. Ningefanyaje? Ilikuwa zamu yangu.

Usingoje karatasi tena. Hakuna karatasi, kaka, na haitakuja. Hameni. Wabebe watu hata kwa nguvu muende Qollpa, polisi wakichoma wachome. Mtoe mama kwanza. Nakuomba kwa jina la baba.

Saturnino


Qollpa, 20 Februari 1967

Saturnino,

Basilia anakusalimu. Watu wanakusalimu.

Barua yako ilifika tarehe 27 Januari. Niliwaita wote nikawaambia habari za saini zangu mbili, zote, na bendi na kondoo. Hakuna aliyenitukana. Melchor alisema, "Na sisi tulikula," kisha wakaanza kufunga mizigo. Tulihamisha milango, mawe ya kusagia, kuku, kengele ya kanisa. Kwa siku tatu kaya arobaini na mbili zilivuka mto.

Mama alikataa. Nilimbeba mgongoni nikamvusha, akinipiga kichwani njia nzima. Kesho yake alirudi peke yake kwa daraja. Nikamfuata, nikamkuta anafagia uwanja.

"Mimi sihami kama mwizi," akaniambia. "Mwanangu yuko Wizarani. Karatasi ya Satuko ikija, nitavuka nimevaa kofia."

"Mama, karatasi haiji."

"Wewe ulikuwa na wivu naye tangu mdogo."

Hapo ndipo ningemwambia. Neno lilikuwa mdomoni, kwamba wewe unashona mafaili chini huko na huna karatasi ya kumpa mtu. Niliona nitakuvua nguo mbele yake, nikalimeza. Nikarudi Qollpa kusimamisha nyumba, nikajiambia nitarudi na wanaume wanne. Siku mbili nikashikwa na nguzo na nyasi za kuezekea. Siku ya Candelaria, tarehe 2 Februari, asubuhi niliamka nimeamua kumwambia yote. Nilikuwa katikati ya daraja niliposikia mlima ukishuka. Si kishindo. Ni kama gunia la mahindi linapomwagwa, ila halikuisha.

Hakuna nyumba, hakuna kanisa, ukuta wetu wa mawe hauonekani ulikuwa wapi. Tumechimba siku tisa. Tumepata kofia yake.

Nilikwenda Tambohuaylla kumwandikisha katika kitabu cha vifo. Karani aliuliza wilaya. Nikasema hapa. Meya mpya akapekua kabati, akasema hati yenu ya kubaki hapa ilipelekwa Lima yenyewe, nakala hatukuweka, waulizeni Lima. Nikamwambia Lima nina ndugu. Ancamarca don Abdón hakunifungulia. Kasisi amemwombea, lakini kitabu cha kasisi si cha serikali. Kwa hiyo mama hajafa, Satuko. Kwa serikali anaishi, ana miaka sabini na nne, anakaa Sallapata.

Jana polisi wamekuja kututoa hapa. Sajenti alifungua fomu, akaandika majina, akafika kwenye mstari wa wilaya, akaniuliza. Nikamwambia ukweli. Alikaa juu ya jiwe, akaifunga kalamu yake. Mwisho akasema hawezi kumshtaki mtu asiye wa popote, ataenda kuuliza. Wamesema watarudi.

Fimbo nimeitupa kwenye mto. Ningeweza kumwambia mama. Ilikuwa sentensi moja.

Fortunato


Lima, 12 Machi 1967

Kaka yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama ofisini, na nimeisoma mara nyingi tangu hapo. Hukunivua nguo. Mimi ndiye niliyemvisha mama uongo miaka tisa, kwa kila barua, kwa kila Krismasi, na ameufia. Sitaki tugawane hilo. Lakini najua hutaniachia peke yangu, kwa hiyo tutalibeba pamoja.

Nimeacha kazi. Niliwaambia nina msiba, wakaniomba cheti cha kifo.

Natoka Lima Jumamosi kwa lori la kwanza litakalofika popote karibu na kwetu, kilichobaki nitatembea. Naja na sindano yangu, nta, na uzi. Wiki hii yote, baada ya saa za kazi, nimeshona kitabu. Kurasa mia mbili, jalada gumu, mgongo wa ngozi, kila ukurasa una namba. Hakina muhuri wala nembo, na juu nimeandika Qollpa tu. Polisi wakirudi na fomu yao watakuta tumeshaandika sisi wenyewe nani amezaliwa kwetu na nani amekufa.

Mstari wa kwanza, ukurasa wa kwanza, nimeuacha wazi. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu, mama utamwandika wewe. Kisha chini yake weka ile saini yako yenye mkia. Mara moja tu.

Satuko